Kutibiwa nje ya nchi kwenye hospitali binafsi: mwongozo kamili, kuanzia faili la kwanza hadi nyuzi kutolewa

Mara ya kwanza niliposindikiza mgonjwa kutibiwa nje, tulifika hospitalini Jumatatu asubuhi na bahasha nene ya karatasi. Tukapokelewa vizuri, tukapewa chumba chenye dirisha kubwa, kisha tukakaa siku sita bila mgonjwa kufanyiwa chochote. Daktari wa saratani hakutaka karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kilichokatwa ili kipimwe (biopsi). Alitaka slaidi zenyewe, vile vioo vidogo vyenye kinyama hicho, azitazame kwa macho yake. Slaidi zilikuwa kabatini, kwenye maabara tuliyoiacha nyuma, na hakuna aliyetuambia kwamba mgonjwa ana haki ya kuziomba. Siku zote sita za kusubiri tulizikuta kwenye bili.

Tangu hapo nina msimamo mmoja. Chumba cha upasuaji ndicho mahali penye watu wengi wanaojua wanachofanya, na si pale safari nyingi zinapoharibikia. Zinaharibikia kwenye ncha mbili: kabla mgonjwa hajapanda ndege, na baada ya kushuka nyumbani akiwa na kidonda kibichi na dawa ambazo hakuna anayezijua. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye ncha hizo. Katikati nitapita haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha safari ina sababu

Muombe daktari anayekutibu sasa aandike mambo matatu: ugonjwa ni upi, umefikia hatua gani, na ni tiba gani hasa inayokosekana au kuchelewa hapo mlipo. Hilo la tatu ndilo linaloibeba safari. Likikosekana, na kinachowasumbua ni wasiwasi tu juu ya majibu, pengine mnahitaji maoni ya daktari wa pili, si tiketi. Hospitali nyingi kubwa zinazopokea wageni husoma faili kutoka mbali na kutoa maoni kwa maandishi au kwa simu ya video.

Halafu hesabu muda wa tiba nzima, siyo wa upasuaji peke yake. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni jambo la siku chache. Mionzi ya saratani kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Dawa za saratani huja kwa mizunguko, mingi ikiwa ya wiki 2 au 3, kwa miezi. Goti la bandia huwekwa kwa saa moja au mbili, lakini mazoezi yake ya viungo ni ya miezi. Uliza mapema kama sehemu ya tiba inaweza kufanyika kule na sehemu kumaliziwa nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, madaktari wa pande zote mbili wawasiliane na mpango uandikwe kabla hujaondoka.

Kuna mambo mawili ambayo mimi nikiyaona nageuka. La kwanza ni kliniki inayodai kwamba sindano za seli shina zinatibu kisukari, kiharusi, usonji na maumivu ya mgongo kwa pamoja. Seli shina zina matumizi ya kweli, hasa kwenye magonjwa ya damu, lakini tiba inayotibu kila kitu ni biashara. La pili ni mtu anayeahidi figo "itakayopatikana mkifika". Azimio la Istanbul la mwaka 2008 lilipinga biashara ya viungo vya binadamu, na nchi nyingi zinaiadhibu kwa sheria. Hospitali halali itadai uje na mchangiaji wako, itathibitisha undugu au uhusiano wenu kwa nyaraka, na mara nyingi itawapeleka mbele ya kamati kabla ya kukubali. Usumbufu huo ni dalili njema.

Hatua ya 2: Tengeneza faili

Hapa ndipo tulipokosea sisi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faili zuri lina ukurasa mmoja wa mbele wenye historia kwa ufupi: umri, uzito, ugonjwa ulianza lini, ulipasuliwa nini na lini, mzio wa dawa, magonjwa mengine. Usiufiche ugonjwa wa kisukari au presha kwa kuogopa bei kupanda. Itapanda tu, tena ukiwa tayari kitandani.

Nyuma ya ukurasa huo weka:

- Ripoti ya daktari iliyosainiwa, isiyozidi miezi michache tangu iandikwe.
- Majibu ya vipimo yaliyopangwa kwa tarehe, jipya likiwa juu.
- Picha za CT na MRI katika faili zake asilia za DICOM (muundo wa kidijitali wa picha za hospitali), kwenye sidii au kupitia kiungo cha mtandaoni.
- Slaidi za kinyama na, maabara ikikubali, bloku ya nta ambamo kinyama kimehifadhiwa.
- Orodha ya dawa zote kwa majina ya kitaalamu, si ya kibiashara tu, pamoja na dozi na saa. Weka na za mitishamba.
- Nakala ya pasipoti, jina likifanana herufi kwa herufi na lililo kwenye ripoti.

Hilo la DICOM watu hulidharau. Picha ya CT iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu ukutani haimfai daktari wa upasuaji. Faili asilia ina mamia ya vipande anavyoweza kuvipitia kimoja kimoja, kubadilisha mwangaza, na kupima uvimbe kwa milimita. Ukimpa picha ya simu, atasema kipimo kirudiwe, na kukirudia ni kwa gharama yako. Kabla ya kuondoka, ifungue ile sidii kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Zipo zinazotoka hospitalini zikiwa tupu kabisa.

Slaidi na bloku omba kwa barua. Maabara nyingi hutoa kwa mkopo na kutaka saini. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya kiboksi kigumu, pamoja na barua inayoeleza ni nini. Usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani, maana nta huyeyuka.

Na jina. Kama ripoti moja inasema Asha Juma na pasipoti inasema Asha J. Mohamed, rekebisha sasa. Mfumo wa hospitali usiokujua unaweza kufungua mafaili mawili ya watu wawili tofauti, na majibu ya mmoja yasimfikie mwingine.

Hatua ya 3: Chagua hospitali, kisha chagua daktari

Kila hospitali inayowinda wageni ina nembo ya ithibati kwenye tovuti yake. Inayojulikana zaidi ni ya JCI, tawi la kimataifa la Joint Commission, shirika la Marekani linalokagua hospitali. Hospitali ya kwanza nje ya Marekani kuipata ilikuwa Hospital Israelita Albert Einstein ya São Paulo, mwaka 1999. Bumrungrad ya Bangkok ilifuata mwaka 2002, ya kwanza barani Asia. India ina mfumo wake uitwao NABH, na nchi nyingine zina yao.

Ithibati inapima mfumo: jinsi wanavyomtambua mgonjwa kabla ya kumpa dawa, wanavyozuia maambukizi, wanavyohifadhi damu, wanavyoripoti makosa yao wenyewe. Haipimi mkono wa daktari atakayekupasua. Pia hutolewa kwa kituo mahususi na kwa muda maalumu, ambao kwa JCI ni miaka 3. Kampuni yenye hospitali kumi inaweza kuwa na ithibati kwenye mbili tu na nembo ikawekwa kwenye karatasi za zote kumi. Nenda kwenye orodha ya mtoa ithibati mwenyewe, tafuta tawi lile unalokwenda, tazama tarehe.

Baada ya hapo anza kumtafuta mtu. Jina la daktari lipatikane kwenye sajili ya baraza la madaktari la nchi hiyo. Kisha tuma maswali haya kwa kitengo cha wagonjwa wa kimataifa, yajibiwe kwa maandishi:

1. Nani hasa atashika kisu, na nani atatoa nusu kaputi?
2. Amefanya upasuaji huu mara ngapi katika mwaka uliopita?
3. Wangapi walipata maambukizi au walirudishwa chumba cha upasuaji?
4. Chumba cha wagonjwa mahututi na benki ya damu vipo ndani ya jengo hilohilo?
5. Akipata dharura daktari huyo, nani anashika nafasi yake?

Swali la tatu ndilo linalochuja. Daktari mzuri ana namba zake kichwani na hakasiriki akiulizwa. Anayejibu "hatujawahi kupata tatizo" amepasua wachache mno au hahesabu.

Swali la nne watu hulipuuza pale tiba inapoonekana ndogo, hasa ya urembo. Mwaka 2023, wagonjwa wengi wao kutoka Marekani waliokwenda Matamoros, Mexico, kwa upasuaji wa urembo walipata homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi, baada ya kuchomwa ganzi ya mgongoni katika kliniki za huko. Baadhi walifariki. Walichofuata ni kupunguza mafuta mwilini. Ganzi ina hatari zake, awe mtu anapasuliwa moyo au anapunguzwa tumbo.

Hatua ya 4: Mjue dalali

Wengine hujiita waratibu, wengine mawakala wa utalii wa matibabu. Wapo wazuri sana, wanaojua ofisi ipi inafunguliwa saa ngapi na mkalimani yupi ni wa kuaminika. Lakini wengi hulipwa kamisheni na hospitali, kwa hiyo ushauri wao wa hospitali ipi ni bora una bei ndani yake. Muulize waziwazi: unalipwa na nani, na kiasi gani? Mwenye kazi safi atajibu. Kipimo changu kingine ni rahisi: omba kuzungumza na hospitali moja kwa moja bila yeye kuwepo. Akikataa, mwache.

Pasipoti zenu asizishike mtu kwa kisingizio cha kuzitunza. Hospitali itahitaji nakala, basi.

Hatua ya 5: Yasome makadirio kama mkataba

Hospitali ikishasoma faili hukutumia makadirio ya gharama. Neno lenyewe ni makadirio, ila familia nyingi hulisoma kama bei. Tofauti kati ya hayo mawili imewafanya watu wachangishe fedha mara ya pili mgonjwa akiwa bado wodini, jambo linalodhalilisha na kuchosha kuliko ugonjwa.

Mara nyingi utapewa kifurushi: upasuaji fulani, siku kadhaa wodini, bei moja. Kazi yako ni kujua kifurushi kinaishia wapi. Uliza siku ngapi za wodi ya kawaida zimo, na ngapi za chumba cha wagonjwa mahututi. Uliza kama vipimo vya kabla ya upasuaji vimo au vinalipiwa kando. Damu je? Uchunguzi wa kinyama baada ya upasuaji? Mazoezi ya viungo? Dawa za kuondoka nazo? Kitanda na chakula cha msindikizaji? Kama kuna kipandikizi, iwe nyonga ya bandia, betri ya moyo au stenti (kijibomba cha kuzibua mshipa), kimetajwa aina na mtengenezaji, au kimeandikwa tu "kipandikizi"? Neno hilo likiachwa wazi, utaulizwa uchague ukiwa umevaa gauni la hospitali, na cha bei ya juu ndicho kitakachosifiwa.

Kisha lile swali zito: matatizo yakitokea, nani analipa? Vifurushi vingi hufikia kikomo pale mgonjwa anapotoka kwenye njia iliyotarajiwa. Akitokwa damu na kurudishwa ndani, akikaa siku nne zaidi kwa mashine ya kupumulia, hesabu mpya inaanza. Omba waandike makadirio mawili, la mambo yakienda sawa na la mambo yakienda vibaya. Wasipokubali, binafsi nisingeondoka nyumbani bila akiba ya angalau theluthi moja juu ya kile kilichoandikwa, ikiwa mahali inapoweza kufikiwa ndani ya siku moja.

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la hospitali. Siyo ya mratibu, siyo ya daktari, siyo ya "kampuni dada". Kabla ya kutuma, piga simu kwa namba uliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti ya hospitali, uwasomee namba ya akaunti wathibitishe. Matapeli huingilia barua pepe na kubadilisha tarakimu za akaunti tu, kila kitu kingine kikibaki vilevile. Uliza pia fedha ikibaki hurejeshwa vipi, kwa sarafu gani, baada ya siku ngapi. Amana huingia kwa saa chache na hurudi kwa wiki.

Mkifika, kila baada ya siku mbili omba bili ya muda iliyochanganuliwa. Si kutafuta ugomvi. Tuliwahi kukuta glavu za wodi nzima zimeandikwa kwa kitanda chetu, kosa la mtu aliyebonyeza mstari usio wake, na lilifutwa bila maneno kwa sababu tuliliona siku ileile.

Hatua ya 6: Viza, bima, na mtu wa kukusindikiza

Nchi zinazopokea wagonjwa wengi zina viza maalumu ya matibabu. India, kwa mfano, hutoa viza ya mgonjwa na viza tofauti ya msindikizaji, na kwa kawaida inaruhusu wasindikizaji wawili. Utahitaji barua ya mwaliko kutoka hospitalini yenye jina la mgonjwa, ugonjwa na muda wa tiba. Usiende kwa viza ya utalii kwa kuwa ni ya haraka. Tiba ikirefuka utakwama. Masharti hubadilika, kwa hiyo chanzo ni ubalozi wenyewe.

Bima ya kawaida ya safari hailipi tiba uliyoipanga, na nyingi hazilipi hata matatizo yanayotokana nayo. Zipo bima mahususi za matatizo ya baada ya upasuaji; tafuta hiyo, na usome ukurasa wa mambo yasiyolipwa kabla ya ukurasa wa mambo yanayolipwa.

Msindikizaji asichaguliwe kwa mapenzi tu. Anayefaa ni yule anayelala kidogo bila kununa, anayeandika, anayeweza kumwambia daktari "sijaelewa, rudia", na asiyezimia akiona damu. Mara nyingi si yule anayelia sana uwanja wa ndege. Apewe mamlaka kwa maandishi ya kufanya maamuzi mgonjwa akiwa hana fahamu, na mgonjwa amweleze mapema asichokitaka afanyiwe. Mazungumzo hayo ni magumu. Yafanyike nyumbani, kabla ya mizigo kufungwa. Humo humo mkubaliane, kifo kikitokea, ndugu wangependa nini, na gharama ya kusafirisha mwili itatoka wapi. Kulisema hakuleti msiba.

Hatua ya 7: Siku za mwanzo hospitalini

Usipange upasuaji kesho yake baada ya kutua. Daktari anatakiwa akuone, apitie vipimo, na wakati mwingine abadilishe mpango. Mpango ukibadilika sana, kwa mfano ulikuja kwa upasuaji mdogo sasa wanasema mkubwa, una haki ya kuomba siku ya kufikiri na kumpigia daktari wako wa nyumbani.

Omba mkalimani wa hospitali hata kama shemeji anaongea lugha yao. Ndugu hupunguza makali. Nimewahi kukaa chumbani ambamo daktari alizungumza dakika nne kuhusu ugonjwa kusambaa hadi kwenye ini, na mgonjwa akatafsiriwa: "Anasema tumuombe Mungu, dawa zitaanza kesho." Mgonjwa akasaini karatasi. Ridhaa ya namna hiyo haina maana. Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha unayoielewa, au isomwe neno kwa neno, na usisaini ile yenye nafasi tupu.

Siku ya upasuaji utaulizwa jina lako, tarehe ya kuzaliwa na unapasuliwa nini, na kila mtu atakayekugusa atakuuliza tena. Usichoke nao. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, ina vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti, vikiwa vimegawanywa katika vipindi vitatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ikiwa ni kiungo chenye pacha, goti, jicho, figo, sehemu iwekwe alama kwa kalamu ukiwa macho. Asipokuwepo wa kuuliza, uliza wewe: "Mnanipasua upande gani?"

Wodini msindikizaji awe na daftari. Saa, dawa, joto, mkojo, nani alipita na alisema nini. Kila anayekaribia kidonda au mrija anawe mikono kwanza. Kumkumbusha kwa upole si utovu wa adabu. Mrija wa mkojo na wa mshipani uliza kila siku kama bado unahitajika, maana mrija uliosahaulika ni njia ya vijidudu.

Hatua ya 8: Usiondoke bila karatasi hizi

Siku ya kuruhusiwa kila mtu ana furaha na haraka. Ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa nyaraka. Anza kuzidai siku mbili kabla:

- Muhtasari wa kulazwa, kwa lugha ambayo daktari wa nyumbani anaisoma.
- Ripoti ya upasuaji yenyewe, ambayo ni karatasi tofauti. Daktari mwingine akilazimika kufungua tena, hii ndiyo ramani yake.
- Majibu ya kinyama, au jina la mtu atakayeyatuma kama hayajatoka.
- Picha zote mpya kwa DICOM.
- Kadi ya kipandikizi yenye modeli na namba ya utambulisho. Bila hiyo, miaka mitano baadaye hakuna atakayethubutu kukuingiza kwenye MRI.
- Orodha ya dawa: jina la kitaalamu, dozi, siku ya kuacha, na mbadala kama haipatikani.
- Dalili za hatari, na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Dawa kali za maumivu, kama mofini na nyingine za kundi lake, zina masharti mipakani. Beba barua ya daktari na uziache kwenye vifungashio vyake halisi, mkononi. Insulini isiingie kwenye mizigo ya chini ya ndege, inaweza kuganda ikaharibika.

Hatua ya 9: Ndege

Hewa ndani ya ndege inalingana na ile ya mlimani kati ya mita 1,800 na 2,400. Gesi yoyote iliyonaswa mwilini hupanuka, karibu theluthi moja, na oksijeni hupungua. Ndiyo sababu kidonda kinachoonekana kimepoa kinaweza kuleta balaa angani.

Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri kusubiri angalau siku 10 baada ya upasuaji wa kifua au tumbo. Aliyefungwa plasta ngumu kwa kawaida husubiri saa 24 kwa safari fupi na 48 kwa ndefu, au plasta ipasuliwe kwa urefu, kwa kuwa mguu huvimba. Kali kuliko yote ni ya jicho: ukifanyiwa upasuaji wa retina, utando wa nyuma ya jicho, na kuwekewa kiputo cha gesi, usipande ndege mpaka kiishe kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki 2 hadi 8 kutegemea aina ya gesi. Ukipanda, kiputo hupanuka na jicho linaweza kupofuka. Daktari wako akisema muda mrefu zaidi ya huu, fuata wake.

Damu kuganda miguuni ni hatari nyingine. Upasuaji huongeza uwezekano wake, na safari ya saa 4 au zaidi huongeza tena. Uliza kuhusu soksi za kubana na sindano za kuzuia mgando, kaa kiti cha njia, chezesha vifundo, tembea. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hata wiki kadhaa baada ya kufika, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mashirika ya ndege yana fomu iitwayo MEDIF, inayojazwa na daktari kwa mgonjwa aliyepasuliwa karibuni, anayehitaji oksijeni au machela. Ijazeni siku kadhaa mapema. Rubani ana haki ya kumkatalia mgonjwa mlangoni. Nunua tiketi ya kurudi inayobadilishwa tarehe, hata ikiwa ghali kidogo. Akiba ya tiketi ngumu huliwa na siku moja ya kidonda kukataa kufunga.

Hatua ya 10: Nyumbani

Jambo hili lilitakiwa kupangwa hatua ya kwanza, nami nalirudia: kabla ya kusafiri, mpate daktari aliyekubali kwa mdomo wake kukupokea ukirudi. Si kila daktari hupenda kurithi kidonda cha mwenzake asiyemjua. Ukimshirikisha kabla, faili lako ni lake pia. Ukimtokea na bandeji inayovuja, wewe ni mzigo wa mtu mwingine, na utamwona usoni.

Mwone ndani ya siku chache za kufika, hata ukijisikia vizuri. Mweleze kwamba ulilazwa nje ya nchi. Hilo si la kuona aibu. Vijidudu sugu kwa dawa husafiri na wagonjwa; Uholanzi, kwa mfano, huwapima waliolazwa hospitali za nje kabla ya kuwachanganya na wengine. Daktari akijua, kidonda kikitoa usaha atachukua kipimo cha kuotesha vijidudu kwanza badala ya kubahatisha dawa tatu mfululizo.

Homa, wekundu unaopanuka, harufu, maumivu yaliyokuwa yamepungua yakaanza kupanda: piga picha, andika saa, tuma kwa hospitali kule, na wakati huohuo nenda kwa daktari wa karibu. Usisubiri jibu la kule ndipo uende. Kuna tofauti ya saa, kuna sikukuu zao, na yule mratibu aliyekuwa akijibu ndani ya dakika mbili kabla hujalipa huenda sasa anajibu baada ya siku mbili.

Malalamiko ya bili au ya tiba yaandike ukiwa bado kule, kwa ofisi ya mahusiano ya wagonjwa, upate nakala yenye muhuri. Ukisharudi, kesi mara nyingi itafuata sheria na mahakama za nchi ya hospitali, na kipengele hicho kilikuwa kwenye ile karatasi uliyoisaini siku ya kwanza, ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo.

Na nyuzi: muulize aliyekushona, kabla hujatoka chumbani kwake, zinayeyuka zenyewe au zinatolewa, ni ngapi, na siku gani. Sisi hatukuuliza. Siku ya kumi na nane, nesi wa zahanati alihesabu kumi na moja, na ripoti ilikuwa imeandika kumi na mbili. Tulizunguka nusu siku tukitafuta uzi ambao haukuwepo.